Mgongo Mtupu: Mwongozo Kamili wa Kumpanda Farasi Mwenye Moto Bila Tandiko

Ukiingia zizi la farasi kule Karen au Lang'ata, Nairobi, ukauliza hawa wametoka wapi, mara nyingi utajibiwa: uwanja wa mbio, Ngong Road. Mbio zimekuwa zikiendeshwa pale tangu 1954, na kila msimu kuna farasi wanaoachishwa mashindano wakiwa bado vijana wenye nguvu zote, wakachukuliwa na watu wanaopanda kwa mapenzi yao tu. Wengi ni thorobredi: warefu, wembamba, wepesi wa kushtuka, na wepesi vilevile wa kuelewa. Mwongozo huu ni wa mtu aliye na farasi wa namna hiyo, au anayemkodi mara kwa mara, na anayetaka kumpanda mgongo mtupu.

Wapo wanaopanda bila tandiko ili watazamwe. Wapo pia wanaofanya hivyo kwa sababu kitu kikiondolewa katikati, unahisi kila anachokisema mnyama, naye anahisi kila unachokisema wewe. Mwongozo huu ni wa hawa wa pili. Na ikiwa bado huwezi kukaa kwenye mwendo wa troti (mchakamchaka) na kanta (mbio za wastani) juu ya tandiko ukiwa umevivuka vikuku vya kukanyagia, yaani miguu inaning'inia bila kukanyaga kitu, anzia hapo kwanza. Farasi mwenye moto si wa kujifunzia kukaa.

Jambo moja linabeba mengine yote nitakayoyasema: farasi hujifunza pale unapoachia. Ukimbonyeza kwa mguu akasogea, kisha ukaondoa mguu papo hapo, ameelewa kwamba kusogea ndilo lilikuwa jibu. Ukiendelea kumbonyeza hata baada ya kusogea, umemwambia kwamba hakuna jibu lililo sahihi. Farasi mpole akiambiwa hivyo huzoea na kuwa mzito, anakupuuza. Farasi mwenye damu moto hatakupuuza. Atatafuta jibu jingine, kisha jingine, na jibu lake la mwisho ni kutimka. Sasa fikiria mpandaji anayeogopa kuanguka, hana vikuku, amebana magoti na visigino kwa nguvu zake zote. Anaomba farasi atulie huku miguu yake inapiga kelele "twende!" Ajali nyingi za mgongo mtupu huanzia hapo.

Alichofundishwa kabla hujamjua

Farasi aliyetoka mbioni si mtundu. Ana elimu yake, ila ni tofauti na yako, na ukiijua utaacha kumlaumu.

Kwanza, alifundishwa kwamba hatamu zikikazwa, kazi imeanza. Joki, yaani mpanda farasi wa mbio, hushika vigwe (kamba za hatamu) vifupi, farasi huegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kunyoosha mwendo. Ukishtuka ukavuta vigwe vyote viwili kwa pamoja na kuning'inia navyo, umempa ishara ileile aliyoizoea alfajiri akiwa uwanjani. Pili, joki hukaa juu sana, magoti yamekunjwa, miguu yake haifiki mbavuni. Mguu mrefu wa mtu unaoshuka hadi chini ya tumbo ni kitu kigeni kwake. Wengine huuona kama nzi mkubwa asiyeondoka. Tatu, joki hurushwa juu na mtu anayemshika mguu, mara nyingi farasi akiwa anatembea. Kusimama wima kando ya kigoda huku mtu anapanda polepole hakumo kabisa katika somo alilosoma.

Mambo haya matatu ndiyo utakayoanza kuyarekebisha. Hakuna hata moja linalohitaji ugomvi.

Kagua mgongo, tumbo na ndoo

Tandiko zuri hutandaza uzito wako juu ya misuli mipana pande mbili za uti wa mgongo. Bila tandiko, uzito huo unashuka juu ya mifupa yako miwili ya kukalia, na farasi anaupata wote sehemu ndogo. Kwa hiyo mgongo wenyewe lazima uwe mzima na uwe na nyama. Simama ubavuni, weka ncha za vidole viwili karibu na kinundu cha mabega, kando ya uti wala si juu yake, kisha vuta taratibu hadi kiunoni ukibonyeza kama unavyobonyeza embe kuona kama limeiva. Farasi mzima atasimama tu, au atashusha shingo kwa raha. Akishusha mgongo ghafla, akageuza kichwa kukutazama, akalaza masikio au ngozi ikatetemeka mahali palepale kila unaporudia, hapo pana maumivu. Mwite daktari wa mifugo, na usimpande siku hiyo hata kwa tandiko.

Thorobredi aliyekonda, ambaye uti wake umejitokeza kama ukingo, hafai kwa kazi hii mpaka anenepe na kujenga misuli. Ni mateso kwake, na kwako pia. Kuhusu uzito, wapandaji wengi hufuata kipimo cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa farasi. Kwa farasi wa kilo 480 hiyo ni kilo 72 hadi 96. Mgongo mtupu, mimi ningebaki upande wa chini wa kipimo hicho, na nisingepita dakika ishirini kwa siku katika wiki za mwanzo.

Kisha angalia anachokula. Farasi anahitaji nyasi za kiasi cha asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kila siku, maana yake kilo 7 hadi 10 hivi kwa farasi tuliyemtaja. Nyasi nzuri ya Boma Rhodes, isiyo na vumbi wala ukungu, ndiyo msingi. Ukikuta farasi anapewa nafaka nyingi huku akifanya kazi ndogo na kufungiwa bandani siku nzima, moto unaouona si tabia, ni ndoo. Punguza nafaka, ongeza nyasi, mtoe nje atembee na wenzake, kisha mtazame upya baada ya wiki chache.

Tena usimpande akiwa na njaa. Tumbo la farasi hutoa asidi mfululizo, ale asile, na farasi wa mbio wengi wanasumbuliwa na vidonda vya tumbo. Mpe nyasi kidogo kabla ya kazi ili asidi isirukeruke juu. Farasi anayeuma hewa unapogusa mbavu zake huenda anakueleza habari za tumbo, na ukimchapa kwa hilo utakuwa umemwadhibu mgonjwa.

Usisahau pia kwamba Nairobi tunaishi na ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaosambazwa na visubi wadogo wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri, hasa wakati na baada ya mvua. Chanjo ni ya lazima, na baada ya chanjo fuata siku za mapumziko atakazoagiza daktari. Joto la mwili likipanda, au akiwa mnyonge bila sababu, hakuna mazoezi.

Mazungumzo ya chini

Kazi kubwa ya mwongozo huu hufanyika ukiwa umesimama ardhini, na ni sehemu ambayo watu huiruka kwa pupa. Mpe wiki mbili au tatu, robo saa kila siku, kabla ya kupanda mgongo mtupu kwa mara ya kwanza. Unachohitaji ni kamba ya kichwa na kamba ya kuongozea ya mita tatu au nne.

Anza na kusimama na kutembea. Tembea kando ya bega lake, toa pumzi, simama. Akipitiliza, tikisa kamba kidogo. Akisimama, legeza kamba yote mara moja. Usimpigepige shingoni kwa nguvu kumpongeza. Mkune kwenye kinundu cha mabega, mahali ambapo farasi wenyewe hukunana kwa meno. Utaona mdomo wa juu unarefuka na macho yanalegea.

Halafu mfundishe kurudi nyuma hatua mbili tatu kwa kubonyeza kifua kwa vidole. Akihamisha uzito tu nyuma, hata kabla hajainua mguu, achia. Kesho subiri hatua moja. Keshokutwa mbili.

Zoezi la tatu ndilo la thamani kuliko yote: kusogeza makalio. Simama karibu na bega lake la kushoto, geuza kichwa chake kidogo upande wako, kisha weka kiganja pale ambapo mguu wako utakuja kukaa ukiwa juu, nyuma kidogo ya pale mkanda wa tandiko hupita tumboni. Bonyeza kwa uzito wa kiganja tu. Hesabu moja, mbili. Asipojibu, ongeza kidogo. Mguu wa nyuma wa kushoto ukivuka mbele ya ule wa kulia, ondoa mkono kama vile umeungua. Fanya pande zote mbili. Umemfundisha kwamba kitu kikimgusa mbavuni hakimaanishi kukimbia, na umejipatia pia kitufe cha kumpunguza mwendo, kwa kuwa farasi anayevusha miguu ya nyuma hawezi wakati huohuo kusukuma mbele kwa nguvu.

Ukiwa chini, jifunze kumsoma. Farasi huona karibu pande zote, takriban nyuzi 350, lakini haoni kitu kilichogusa paji la uso wala kilicho nyuma ya mkia. Usimjie kutoka huko. Masikio yake hugeuka kila moja kivyake. Sikio moja likielekea kwako na jingine mbele, yuko nawe na yuko kazini. Yote mawili yakisimama wima mbele, shingo ikipanda, pua zikitanuka na pumzi ikakatika, amekuacha. Hapo hasikii somo lolote. Mpe kitu rahisi anachokijua: hatua moja nyuma, kusogeza makalio mara moja. Akishusha shingo, akatafuna ulimi au akapuliza pumzi ndefu puani, ameanza kurudi kwako. Mengine nimejifunza kwa masaisi. Wao hulala, huamka na hulisha na farasi hawa, na saisi anayekwambia "leo huyu hayuko sawa" anastahili kuaminiwa kabla hujauliza sababu.

Vifaa ni vichache

Kofia ngumu ya kupandia farasi, iliyofungwa kidevuni, isiyowahi kupigwa chini. Helmeti ya bodaboda si mbadala. Ni nzito na haikutengenezwa kwa anguko la aina hii. Suruali inayobana bila kuteleza. Viatu vya kufunika vidole. Fulana ya kukinga kifua na mgongo kama unaweza kuipata.

Kwa farasi, hatamu yake ya kawaida yenye lijamu laini, na mkanda wa shingo. Mkanda huu ni ukanda wa ngozi tu uliozungushwa chini ya shingo, lakini ndio utakaokuokoa. Ukipoteza mizani unashika mkanda badala ya vigwe, na mdomo wa farasi unabaki salama. Zile pedi za kupandia bila tandiko zenye vikuku ziepuke. Hazina mti, yaani kiunzi kigumu cha ndani ya tandiko, wa kuzishikilia; zikizunguka unaning'inia chini ya tumbo mguu ukiwa umenaswa.

Mpandaji kwanza, juu ya farasi mtulivu

Kabla ya kumpanda huyo mwenye moto, omba farasi mzee wa shule, mwenye mgongo mpana, na mtu wa kumzungusha kwa kamba ndefu kwenye uwanja wa mchanga. Vigwe vifungwe shingoni, wewe usivishike. Hapa unajifunza mambo mawili tu.

La kwanza ni kuacha paja lishuke. Kaa mbele, karibu na kinundu cha mabega, mahali mgongo ulipo imara. Ukikaa nyuma, juu ya kiuno chake, unambebesha sehemu dhaifu na utarushwa zaidi. Inua magoti yote mawili mbele ya mabega yake, yashikilie hapo kidogo, kisha yaache yaanguke yenyewe. Mahali yalipoangukia ndipo mguu wako unapokaa. Vidole vya mguu vilegee. Ukijikuta umebana tena, rudia. Utarudia sana.

La pili ni kufuata. Farasi akitembea, mbavu zake huyumba kushoto na kulia, na nyonga zako hushuka moja baada ya nyingine. Funga macho mzunguko mmoja useme kwa sauti "kushoto, kulia" kila mguu wa nyuma unapokanyaga. Ubavu unaoshuka chini ya paja lako la kushoto unakwambia kwamba mguu wa nyuma wa kushoto umeinuka unakwenda mbele. Ukiweza kutaja bila kukosea, umeanza kuhisi farasi badala ya kumtazama. Baadaye ukitaka aongeze hatua, utamgusa kwa mguu wa upande huo wakati huohuo, na mguso mdogo utatosha.

Mzee mmoja wa masaisi alikuwa akimwelekeza kijana wa chuo pale Lang'ata, kijana amebana mpaka magoti yanatetemeka.

"Kijana, umeshika nini na magoti?"

"Nashikilia nisianguke, mzee."

"Wewe achia. Ukibana chini unapanda juu. Ukiachia, uzito wako wenyewe unakushika."

Ni fizikia ya kawaida. Paja likibana mbavu za farasi, mwili unasukumwa juu. Paja likining'inia, kitovu cha uzito kinashuka na unakaa ndani ya farasi.

Siku ya kumpanda mwenyewe

Chagua asubuhi tulivu. Miezi ya Juni hadi Agosti asubuhi za Nairobi ni baridi, na farasi wa mbio hupata nguvu za kuchezacheza kwa baridi hiyo; subiri jua litoke kidogo. Mtembeze kwanza, fanya mazoezi yote ya chini. Akishindwa hata moja, siku ya kupanda si leo.

Mlete kando ya kigoda cha kupandia, saisi akiwa kichwani na kamba ya kichwa juu ya hatamu. Usipande. Panda kigoda, mkune, shuka, ondokeni. Rudini. Simama juu ya kigoda, egemeza tumbo lako juu ya mgongo wake ukining'inia kidogo, shuka. Akisogea wakati wowote, usimvute wala usimfokee. Mzungushe mrudi mahali palepale. Akisimama, mkune na mwache apumzike. Anayesimama hupumzika, anayesogea huzunguka. Baada ya muda atachagua mwenyewe. Fanya hivyo upande wa kushoto na wa kulia, kwa sababu farasi wengi wamepandwa kushoto tu maisha yao yote, na kitu kinachotokea kwenye jicho la kulia ni kipya kabisa kwao.

Akiweza kubeba tumbo lako huku shingo iko chini, egemea tena, vusha mguu juu ya makalio bila kumgusa, kaa polepole. Usidondoke puu. Shika mkanda wa shingo kwa mkono mmoja. Miguu ining'inie, imguse kwa wepesi tangu mwanzo. Mguu unaojificha mbali na mbavu halafu ukaja ghafla ndio unaomtisha. Kaeni hapo mkipumua. Pumzi yako ndefu ya kutoka ndiyo ishara ya kwanza ya utulivu atakayoijua.

Siku hiyo hatua ishirini zinatosha, saisi akiongoza. Shuka akiwa bado anafurahi.

Kushuka kwenyewe kufanyie mazoezi kila siku, kwa maana ni ulinzi wako. Mikono juu ya kinundu cha mabega, egemea mbele, mguu wa kulia uvuke nyuma, sukuma mwili mbali na farasi, tua kwa miguu miwili magoti yamekunjwa ukitazama anakoelekea. Anza akiwa amesimama, kisha akitembea, kisha troti ya polepole. Pande zote mbili.

Kusimama bila kuvuta

Huyu alifundishwa kwamba kuvuta ni kwenda, kwa hiyo breki yako isianzie mikononi. Panga ishara zako kwa mfuatano uleule kila mara: toa pumzi yote, acha nyonga zisimame zisiendelee kufuata hatua, inua mkanda wa shingo kidogo, na mwisho kabisa funga vidole kwenye kigwe kimoja kisha kingine, taratibu kama unayekamua sifongo. Akisimama wakati wowote katika mfuatano huo, kila kitu kinalegea hapohapo. Baada ya siku kadhaa utaona anasimama kwenye mkanda. Baadaye anasimama kwenye pumzi. Mtu aliyesimama pembeni hataona ulichofanya, na hiyo ndiyo raha yenyewe ya kazi hii.

Ongeza na zoezi la kigwe kimoja. Akiwa anatembea, telezesha mkono kwenye kigwe cha kushoto, mlete pua taratibu kuelekea goti lako, weka mguu wa kushoto nyuma ya mkanda wa tumbo pale alipozoea kiganja chako. Makalio yatavuka, atasimama. Achia. Fanya pande zote. Hili ni la mwendo wa kutembea na troti ndogo peke yake. Akiwa kasi, kumkunja ghafla kunaweza kumwangusha pamoja nawe. Hapo mpeleke kwenye duara kubwa, kisha lipunguze duara kidogo kidogo mpaka mwendo wenyewe uchoke.

Troti

Troti ni mwendo wa mapigo mawili, na ndio unaorusha kuliko yote. Usitafute kuzunguka uwanja mzima. Omba hatua tano, rudi kutembea. Hatua saba, rudi. Kwa farasi anayependa kukimbia, kule kubadilishabadilisha ndiko kunakomfanya akusikilize, kwani hajui lini utaomba kitu kingine. Akinyoosha shingo na kuharakisha, wewe punguza mwendo wa nyonga zako badala ya kufuata wake. Ukianza kuteleza upande mmoja, usijivute kwa goti. Rudi kutembea, jipange, anza upya. Na ukihisi unamgonga mgongoni kila hatua, acha. Dakika mbili za kumgonga zinaharibu uaminifu wa wiki nzima.

Akichemka

Hapa mgongo mtupu unakupa kitu ambacho tandiko halikupi. Kabla farasi hajagutuka, misuli mirefu chini yako hukaza. Uko Lang'ata, ndege ndogo inainuka kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, sauti inakuja kabla hujaiona. Chini ya makalio yako mgongo uliokuwa laini unakuwa ubao. Mbavu zinaacha kuyumba. Unahisi moyo wake kwenye vigimbi vyako, ule moyo ambao farasi akipumzika hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, sasa unagonga mfululizo. Una sekunde moja, pengine mbili.

Zitumie hivi. Toa pumzi kwa sauti. Shusha mabega. Acha miguu, usibane. Kisha mpe kazi: mgeuze kidogo, makalio yavuke hatua mbili, nenda mbele, geuza upande mwingine. Maswali madogo anayoyajua majibu yake, moja baada ya jingine, na kila jibu unaliachia. Kumwambia farasi aliyechemka asimame tuli ni kumfungia moshi ndani. Miguu yake inahitaji kwenda, kazi yako ni kuchagua inakwenda wapi. Ukiona kichwa kinashuka kati ya miguu ya mbele na mgongo unapinda kama upinde, anataka kukurusha: inua kigwe kimoja, mgeuze, mpeleke mbele. Akijaribu kusimama kwa miguu ya nyuma, legeza vigwe na ukumbatie shingo. Kuvuta wakati huo kunaweza kumwangusha juu yako. Farasi wa namna hiyo mrudishe kwa daktari na kwa mwalimu mwenye uzoefu kabla hujamkalia tena.

Ukihisi hali inapanda na huna jibu, shuka. Shuka mapema, ukiwa bado unaweza kuchagua. Mfanyishe kazi ya chini mpaka ashushe shingo, halafu mpande kwa dakika moja ya kutembea au umrudishe nyumbani, vyovyote iwavyo. Sikubaliani kabisa na wale wasemao kwamba ukishuka farasi "ameshinda". Farasi hashindani. Anaogopa, au anaumia, au hajaelewa.

Ukianguka na kugonga kichwa, mazoezi yameisha kwa siku hiyo hata ukijisikia mzima, na kofia hiyo inabadilishwa. Kizunguzungu, kutapika, usingizi usio wa kawaida au kusahau kilichotokea ni safari ya hospitali mara moja. Kwa hiyo usipande mgongo mtupu peke yako.

Kanta na nje ya uwanja

Kanta ina mapigo matatu na wengi huiona rahisi kukaa kuliko troti. Iombe kwenye kona ya uwanja uliozungushiwa ua, nusu duara tu, kisha rudi kutembea kwa pumzi. Asiporudi kwa pumzi, hamjafika hapo bado.

Nje ni suala la uvumilivu. Msitu wa Ngong Road una njia nzuri za kivuli, lakini una kima wanaoruka juu ya miti, waendesha baiskeli na mbwa. Miezi kadhaa ya mwanzo toka kwa tandiko, ukiandamana na farasi mtulivu mbele. Ukiona masomo ya pumzi na makalio yanafanya kazi huko kama yanavyofanya uwanjani, ndipo uende mgongo mtupu, kwa mwendo wa kutembea tu. Barabara ya lami yenye matatu na bodaboda usiivuke ukiwa juu bila tandiko. Shuka, mwongoze, upande tena upande wa pili. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zikinyesha, udongo mweusi ulioko sehemu za Karen na Lang'ata huteleza kama sabuni, na ukikauka hupasuka nyufa zinazoweza kunasa kwato. Wakati huo baki kwenye mchanga, au msifanye zaidi ya kazi ya chini.

Mkirudi, mtembeze mpaka pumzi itulie, mpe maji, osha jasho la mgongoni, kisha pitisha tena vidole viwili kando ya uti kama ulivyofanya kabla ya kupanda. Jasho liwe limelowesha pande zote mbili sawasawa. Upande mmoja ukiwa mkavu au ukiuma, wewe unakaa umeinama, na kesho asubuhi unarudi kwenye kamba ndefu na yule farasi mzee wa shule.